Muulize Shangazi wa Zabibu: Mama ndiye fundi wa mvinyo, hati ina jina la marehemu

Mbukwa wasomaji wangu. Mavuno ya Agosti na Septemba yamekwisha, mapipa yamejaa, na mimi nimepata nafasi ya kukaa na barua zenu. Safari hii wengi mmeniuliza jambo moja kwa sura tofauti: mvinyo tunautengeneza kama familia, je, mwenye nao ni nani? Majina yenu nimeyaacha, maana vijiji vya zabibu vinajuana.

*

*Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia ekari tatu za mizabibu, nyingi Makutupora nyekundu na chache Chenin nyeupe, pamoja na kiwanda kidogo nyuma ya nyumba. Tuko watoto sita. Kaka zangu wawili walioko Dar es Salaam wanataka tugawane shamba, kila mtu ashike chake. Mimi nimebaki hapa na mama. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza mvinyo; baba alikuwa anauza. Hati ya shamba ina jina la baba peke yake, na wazee wa ukoo wanasema mama hana fungu. Tufanyeje? — Kijana wa Mpunguzi*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Tuanze na mama yako, kwa sababu wazee wameanza naye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Wazee waambieni hivyo kwa adabu, na wakikaza shingo msigombane nao barazani. Fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, wote mliohudhuria mtie saini, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo kuomba msimamizi wa mirathi ateuliwe. Ningekuwa ninyi ningempendekeza mama mwenyewe, au wewe pamoja naye. Mpaka msimamizi awepo, asitokee mtu wa kuuza hata mstari mmoja wa mizabibu. Pale wilayani kuna wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo. Waulizieni mapema, kabla ugomvi haujaota mizizi.

Sasa hilo la kugawana. Ekari tatu kwa watu sita ni nusu ekari kwa kila mmoja, na mama bado hajahesabiwa. Ufaransa, kwenye eneo la Burgundy, kuna shamba moja maarufu linaitwa Clos de Vougeot. Lilikuwa la watawa, kipande kimoja kilichozungushiwa ukuta, kama hekta 50 hivi. Baada ya mapinduzi yao likatoka mikononi mwa watawa, baadaye likauzwa vipande vipande, na sheria yao ya urithi inayotaka watoto wapate mafungu sawa ikaendelea kukata mashamba ya eneo lile kizazi baada ya kizazi. Leo ndani ya ukuta ule kuna wamiliki wapatao 80. Wengine wana mistari michache tu, hawawezi kujaza hata pipa lao wenyewe, wanauza zabibu kwa wafanyabiashara. Wao wanaokolewa na bei: chupa yenye jina lile inauzwa kwa fedha nyingi. Sisi Dodoma hatuna bei hiyo ya kutuokoa.

Nusu ekari za watu sita zina shida zake hata bila soko. Ubwiri unga, ugonjwa wa mizabibu unaosambaa, hauulizi mpaka uko wapi. Wewe ukipiga salfa kwa wakati na jirani yako, ambaye ni kaka yako, yuko Kariakoo hajatuma pesa ya dawa, zabibu zako zitaugua vilevile. Mmoja atang'oa nguzo apande mahindi, mwingine atauza. Na nitasema ninachokiona, mwanangu: tangu Serikali ihamie Dodoma, watu wengi walioko mbali hawaoni mizabibu tena wakiangalia shamba, wanaona viwanja. Waulize kaka zako waziwazi kama wanachotaka ni zabibu au ni kiwanja. Ni haki yao kutaka fedha. Ila lazima jambo hilo lisemwe mezani, lisije likajificha nyuma ya neno "kugawana".

Ninachokushauri ni kutenganisha shamba na kiwanda. Shamba libaki moja, na hati mpya ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina ya wote, mama akiwa wa kwanza. Sheria inaruhusu watu kumiliki kwa pamoja. Kiwanda kiwe biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa kusajili biashara, yenye majina ya wale wanaofanya kazi. Kiwanda kinunue zabibu kutoka shamba la familia kwa bei ya msimu, kilo kwa kilo, kwenye mizani, mbele ya watu. Hela ya zabibu, ikishatolewa ya dawa, samadi na vibarua, igawanywe kwa wenye shamba wote, wa Dar na wa hapa. Faida ya mvinyo ni ya waliokesha na mapipa. Hapo kaka zako wanapata chao kila mavuno, na wewe hulipii mtu kwa jasho lako.

Na atakayetaka kutoka kabisa, aondoke kwa heshima. Hata akina Antinori wa Florence, Italia, ambao wako kwenye biashara ya mvinyo tangu mwaka 1385, yaliwakuta. Miaka ya 1980 ndugu za Piero Antinori waliamua kuuza hisa zao, na sehemu kubwa ya kampuni ikaingia mikononi mwa kampuni ya bia ya Uingereza. Piero alihangaika miaka kadhaa mpaka akaikomboa. Leo kampuni inaongozwa na mabinti zake watatu, Albiera, Allegra na Alessia, kizazi cha 26. Andikeni sasa, wakati bado mnakula sahani moja: ndugu akitaka kuuza, kwanza anawauzia ndugu, bei inapangwa na nani, na inalipwa kwa misimu mingapi.

Halafu mwanangu, kaa na mama yako. Unasema yeye ndiye aliyetengeneza mvinyo miaka yote. Basi mali kubwa ya kiwanda hicho iko kichwani mwake, wala haimo kwenye ile hati. Mama mkwe wangu alikuwa haamui siku ya kuvuna mpaka azunguke shamba asubuhi, kabla jua halijachoma. Kichala cha pembeni mwa njia hakigusi, maana hicho hupigwa jua zaidi na kinadanganya. Anaingia katikati ya mstari, anainua majani, anachuma zabibu moja ya kivulini upande wa ndani. Nyama anaila, ganda analitafuna taratibu, kisha anaweka mbegu kwenye meno ya mbele. Mbegu ikiwa ya kijani na inanata, anatema na kurudi nyumbani bila neno. Ikiwa ya kahawia na inapasuka kama karanga iliyokaangwa, anatuambia tuoshe ndoo. Siku hizi nina kipima sukari, nakitumia kila siku, lakini mbegu bado naitafuna. Mama yako naye ana mambo yake ya namna hiyo. Yaandike kwenye daftari, na huyo aliyebeba maarifa hayo alipwe mshahara na kiwanda, kwa jina lake.

*

*Shangazi, mimi ni mke niliyeolewa Hombolo, tunatengeneza mvinyo nyumbani. Kila mwaka mapipa ya mwanzo yanatoka vizuri, lakini ukifika mwezi wa pili au wa tatu mvinyo unakuwa mkali, unakwaruza koo na kunuka siki. Tunafunika kwa kitambaa safi. Mama mkwe amesema mkono wangu una mkosi, nisiguse mapipa tena. Nisaidie. — Mke wa Hombolo*

Mdogo wangu, mkono wako hauna kosa lolote. Kitambaa ndicho chenye kosa, na pipa lililobaki nusu.

Siki inatengenezwa na vijidudu ambavyo haviwezi kufanya kazi bila hewa. Wakati mchuzi wa zabibu unachachuka kwa nguvu, gesi inayotoka inalinda pipa lenyewe, ndiyo maana siku za mwanzo kitambaa kinatosha. Tena unapaswa kulifunua mara tatu kwa siku na kuyazamisha maganda yanayopanda juu, kwa mwiko mrefu, mpaka chini, maana maganda yakikauka juu ndipo ukali unapoanzia. Ila povu likitulia, mambo yanageuka. Gesi imekwisha, hewa inaingia, na joto letu linamalizia kazi. Nina hakika mnaanza na pipa lililojaa, mnauza kidogo kidogo kwa jagi, na lile lililobaki linakaa na hewa juu yake wiki hadi wiki. Hiyo ndiyo historia ya siki yenu.

Fanya hivi. Mkishakamua maganda, hamishia mvinyo kwenye vyombo vinavyofaa kwa chakula na ujaze mpaka shingoni. Kama hauenei pipa kubwa, tumia madumu madogo ya lita 20 yaliyojaa. Usilipe pipa kubwa nafasi ya kupumua. Mfuniko utoboe tundu, pitisha mpira mwembamba mpya kama wa dripu, ziba pembeni vizuri, na ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka ikibubujika, hewa haitarudi. Mapovu yakikoma kabisa na mashapo yakituama, hamisha mvinyo taratibu uyaache chini. Unapohamisha, weka salfa ya mvinyo, potasiamu metabaisalfaiti, gramu 5 kwa lita 100, na uipime kwa mizani ndogo, usikisie kwa kijiko. Kila unapotoa dumu la kuuza, uza dumu zima au litie kwenye chupa siku hiyo hiyo.

Mvinyo uliokwisha kuwa siki haurudi, hata ukiongeza sukari. Uuze kama siki, mama ntilie wanaihitaji kwa kachumbari, lakini usiuweke chumba kimoja na mvinyo mzima, na chombo chake usikirudishe kwenye kazi.

Kuhusu mama mkwe, mwalike. Msimu ujao wekeni madumu mawili kutoka pipa moja: moja lifunikwe kitambaa kama zamani, lingine lijazwe shingoni na kuwekewa mpira. Uguse yote mawili wewe, kwa mkono wako huo huo, yeye akishuhudia. Baada ya miezi miwili aonje yeye kwanza.

*

*Habari Shangazi. Nimeolewa kwenye familia yenye kiwanda cha mvinyo mjini Dodoma. Mimi ndiye ninayefanya hesabu, ninasimamia kujaza chupa, ninakwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane Nzuguni kuuza. Sijawahi kulipwa hata shilingi. Nikiuliza, mume wangu ananiambia "hii ni yetu sote." Lakini nikitaka kununua viatu vya mtoto ninaomba. Je, ninalalamika bure? — Mama wawili, Dodoma*

Hulalamiki bure, na nimekasirika kwa ajili yako.

Kitu kinachoitwa "chetu sote" ambacho wewe unakiomba, hicho si chako. Nimeingia viwanda vingi vya familia hapa kwetu, na karibu kila mahali nimekuta kitu kimoja: jina la biashara ni la mwanamume, na anayejua mvinyo uko pipa gani, umewekwa lini na nani anadaiwa ni mwanamke aliye jikoni. Siku mume akiondoka, kwa kifo au kwa miguu yake, mwanamke huyo hana karatasi hata moja inayosema aliwahi kufanya kazi pale.

Nikupe kisa cha mwanamke wa mji wa Reims, Ufaransa. Barbe-Nicole Ponsardin alifiwa na mumewe, François Clicquot, mwaka 1805. Alikuwa na miaka 27 na binti mdogo. Sheria ya Ufaransa wakati ule ilimfunga mwanamke aliyeolewa asiendeshe biashara bila ruhusa ya mume, lakini mjane alikuwa huru. Fikiria hilo: alihitaji mume afe ndipo mikono yake itambuliwe. Akamwendea baba mkwe, Philippe Clicquot, akaomba mtaji. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba kwanza ajifunze pamoja na mtu mwenye uzoefu. Mvinyo wao wa mapovu ulikuwa unabaki na mashapo, unatoka na ukungu. Mwaka 1816 akatumia meza iliyotobolewa matundu: chupa zinasimama shingo chini na kuzungushwa kidogo kidogo, mpaka mashapo yote yanashukia kwenye kizibo na kutolewa. Njia hiyo imeenea dunia nzima. Na kampuni ikaitwa Veuve Clicquot Ponsardin, yaani Mjane Clicquot Ponsardin, jina la ukoo wa mume na jina la ukoo aliozaliwa, yote mawili kwenye chupa.

Wewe usingoje ujane. Keti na mume wako siku ambayo hakuna mteja, ukiwa na daftari la hesabu ambalo umeliandika mwenyewe. Sema unataka mambo mawili. La kwanza ni mshahara wa kila mwezi, hata uwe mdogo, uandikwe kwenye gharama za kiwanda kama anavyoandikwa kibarua wa kuosha chupa. La pili ni jina lako kwenye usajili wa biashara. Akikuuliza kwa nini unamtilia mashaka, mwambie humtilii mashaka, unataka tu anachosema kwa mdomo kionekane kwenye karatasi. Na mtenganishe mfuko wa nyumbani na mfuko wa kiwanda. Hili litamsaidia hata yeye, maana kiwanda kinacholipa ada za shule bila kuandika hakijui kama kinapata au kinakula mtaji.

Sisi tulifanya hivyo nyumbani kwetu. Kulikuwa na wiki chache za kununiana, sitakuficha. Kisha tukazoea.

*

*Shangazi, za siku nyingi. Mimi ni mzee wa Bihawana, nimelima zabibu tangu ujana wangu na nina kiwanda kidogo. Mwanangu mkubwa, niliyemtegemea, ameokoka. Anasema hawezi kurithi kazi ya pombe. Wengine hawataki kijiji. Kuna kijana tu niliyemwajiri kuosha mapipa, amekaa nami muda mrefu, anajua kila kitu. Ukoo unasema si damu yetu. Moyo wangu umevunjika. — Mzee wa Bihawana*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena.

Mwanao usimlazimishe. Imani ni yake, na mtu anayefanya mvinyo huku dhamiri inamchoma ataufanya vibaya. Lakini msikutane kwenye neno "pombe" peke yake. Wewe wa Bihawana unajua kuliko mimi kwamba mizabibu yetu iliingia kwa mikono ya wamisionari wa Kiitaliano, na hapo kwenu misheni ndipo mahali panapotajwa kwanza. Mzabibu wenyewe haumkosei mtu. Mpe mwanao shamba, au sehemu yake. Azilime, aziuze mbichi za mezani, akaushe, akamue juisi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kitamsaidia kwa aina za zabibu za kula. Atakuwa mkulima wa zabibu kama baba yake, na hatakuwa na pipa hata moja la kumsumbua usingizini.

Na kiwanda mpe huyo kijana.

Yule mama wa Reims niliyemtaja hapo juu alikuwa na binti mmoja, akamwoza kwenye familia ya hadhi. Lakini kampuni hakumrithisha binti wala mkwe. Alikuwa na kijana aitwaye Édouard Werlé, Mjerumani, aliyeingia pale mwaka 1821 kama mfanyakazi. Mwaka 1831 alimfanya mshirika. Alipofariki mwaka 1866, kazi ikabaki kwa Werlé na ikaendelea kukua. Hakuwa damu yake.

Usimpe bure, mzee, na usimpe kwa mdomo. Mfanye mshirika ukiwa hai, kwa mkataba: kila msimu anapata sehemu fulani ya kiwanda kama malipo ya kazi, na anailipa familia yako sehemu fulani ya mauzo kwa miaka mtakayokubaliana. Mwite mwanao mkubwa awe shahidi, atie saini. Ukifa mkataba uko mezani, na ukoo utakuta jambo ambalo mwenye mali mwenyewe aliliamua, na mrithi wake aliliona. Kijana naye utakuwa umempa haki yake. Mtu aliyeosha mapipa yako miaka yote hiyo, akajua lini mchuzi umechachuka kwa kuweka sikio tu kwenye pipa, huyo tayari ni fundi. Bado karatasi tu.

*

*Shangazi, sisi wa Dar tunajua mvinyo wa Dodoma ni mtamu tu, wa sherehe. Kuna mwingine? — Mnywaji wa Sinza*

Upo, kaka. Mvinyo mtamu unatengenezwa kwa sababu mnaununua. Zabibu za Makutupora nyekundu zikichachuka mpaka sukari yote ikaisha zinatoa mvinyo mkavu wenye mwili, mzuri na nyama choma, na Chenin iliyovunwa kiangazi, ikipoa vizuri, ni mvinyo wa samaki. Ukienda dukani muulize muuzaji mvinyo mkavu wa zabibu za Dodoma, usome lebo uone umetengenezwa wapi na kiwanda gani. Na ukipita Dodoma nenda hadi kwenye viwanda vidogo. Utaonjeshwa na aliyeutengeneza, na ataona kwenye uso wako kama umeupenda.

*

*Shikamoo Shangazi. Ni mwalimu, nastaafu mwakani. Nataka kuweka mafao kwenye ekari mbili za zabibu na kiwanda cha familia. Watoto wangu wako Mwanza na Arusha, wamesema watanisaidia. Nianzie wapi? — Mwalimu, Kondoa*

Marahaba mwalimu. Anzia kwenye neno "watanisaidia." Waulize watasaidia nini, na tarehe gani.

Zabibu Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, na watu wakisikia hivyo wanafurahi. Maana yake ni kupogoa mara mbili, kupiga dawa mara mbili, kutafuta vibarua mara mbili. Mavuno ya Machi yanakulia ndani ya mvua, kuanzia Desemba, na hapo ndipo ubwiri unapovamia. Kwa hiyo Krismasi, wakati watoto wako wanataka kuja kula pilau, wewe unatakiwa uwe na bomba la dawa mgongoni. Nani kati yao atakushika mkono siku hiyo? Kama jibu ni "tutatuma hela ya kibarua," hilo nalo ni jibu, ila liweke kwenye bajeti, usiliite familia.

Mzabibu mchanga unakula fedha kabla haujatoa: miche, nguzo, waya, samadi, maji, na mchwa wa Dodoma hawaogopi nguzo za mti. Mpaka mwaka wa tatu usitegemee mavuno ya kujisifia. Kiwanda kinataka chake pia: jengo linalokubalika, alama ya ubora ya TBS, leseni ya pombe, stempu za kodi kwenye kila chupa. Nafuu moja ipo, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo unaotokana na zabibu za hapa nchini ni mdogo kuliko wa mvinyo wa kuagiza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji kwa watu wanaoanza. Nenda kwao kabla hujanunua mashine yoyote. Hesabu yako ya mezani ifanye hivi: kila chupa ya mililita 750 itakula kilo moja na kidogo ya zabibu, na chupa yenyewe, kizibo na lebo vinaweza kukugharimu kuliko zabibu zilizomo ndani.

Kama ningekuwa wewe, mafao yote nisingeyagusa mwaka wa kwanza. Ningepanda nusu ekari, na zabibu za kutengenezea mvinyo wa kujifunzia ningenunua kwa jirani ambaye hana soko. Wako wengi, na inauma kuona zabibu nzuri zinaozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Ningetengeneza mapipa mawili tu. Na watoto wote ningewaita waje wiki ya mavuno ya Machi, ile ya mvua na matope, siyo ya Agosti ambayo kila mtu anapiga picha. Wawili wakibaki mpaka siku ya kukamua, niandikie tena tuzungumze habari ya ekari ya pili.